Mateso ya Wakweka na Jitihada za Kutafuta Uvumilivu wa Kidini

Utangulizi

Watahiniwa wengi wakiulizwa kwa nini Waingereza walihamia Amerika Kaskazini katika karne ya 17, huandika kwamba walitafuta uhuru wa kuabudu. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu tu ya jibu. Wapuritani walioanzisha mji wa Boston mwaka 1630 walikuwa wamekimbia shinikizo la Kanisa la Uingereza. Hata hivyo, kati ya mwaka 1659 na 1661 serikali yao iliwanyonga Wakweka wanne kwa sababu za kidini. Waliokimbia mateso waligeukaje wakawa watesaji? Na kwa nini Wakweka, walipopata koloni lao wenyewe, hawakufanya hivyo hivyo?

Ukiweza kujibu maswali hayo mawili, umeielewa mada hii. Soma maelezo yafuatayo kwa makini, kisha ujaribu maswali yaliyo mwishoni bila kutazama kitabu.

Maana ya istilahi

Tofautisha istilahi hizi tatu kabla ya kuendelea:

(a) Mateso ya kidini: hali ya serikali au jamii kumwadhibu mtu kwa sababu ya imani yake au namna anavyoabudu.

(b) Uvumilivu wa kidini: hali ya mwenye mamlaka kumwacha mtu afuate dini ambayo yeye mwenye mamlaka haiamini. Kumvumilia mtu si kukubaliana naye.

(c) Usawa wa kidini: hali ya raia wa dini zote kuwa na haki zilezile, zikiwemo haki ya kupiga kura na kushika wadhifa serikalini.

Kumbuka kwamba (b) na (c) si kitu kimoja. Nchi inaweza kukuruhusu uabudu upendavyo huku ikikunyima kazi ya serikali.

Chanzo cha Wakweka

Kundi hili lilianza Uingereza wakati wa misukosuko mikubwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka mwaka 1642, na mwaka 1649 Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa. Watu wengi walikosa imani na viongozi wa dola na wa dini pia. Mmoja wao alikuwa George Fox, mtoto wa mfumaji nguo, aliyezaliwa mwaka 1624 na kufunzwa kazi ya kushona viatu. Fox alihubiri kwamba kila mtu anayo Nuru ya Ndani itokayo kwa Mungu, hivyo hahitaji kasisi wa kumwombea wala jengo takatifu la kusalia.

Wafuasi wake walijiita Marafiki. Jina la Wakweka, yaani watetemekaji, walibandikwa kwa dhihaka. Mwaka 1650 Fox alishtakiwa mjini Derby kwa kukufuru. Alipomwambia hakimu kwamba anapaswa kutetemeka mbele ya neno la Mungu, hakimu akamwita mtetemekaji. Jina likashika, na hatimaye Marafiki wenyewe wakalizoea.

Kwa nini imani yao iliwaudhi watawala

Usiandike tu kwamba Wakweka waliteswa kwa sababu walikuwa na imani tofauti. Onyesha jinsi kila fundisho lilivyogongana na mpangilio wa jamii:

1. Walikataa kuapa. Walisema Yesu alikataza viapo, na kwamba mtu mkweli husema kweli siku zote. Lakini mahakama, jeshi na utumishi wa serikali vilitegemea viapo. Asiyeapa kuwa mtiifu kwa mfalme alidhaniwa kuwa haini.

2. Walikataa kulipa zaka. Sheria ilimtaka kila mtu kuchangia riziki ya makasisi wa kanisa la taifa. Mkweka aliyekataa alinyang'anywa ng'ombe, nafaka au vyombo vya nyumbani.

3. Walikataa kuvua kofia mbele ya wakubwa. Pia Kiingereza cha wakati huo kilikuwa na neno la heshima la kumwita mkubwa, na neno la kawaida la kumwita rafiki au mtu wa chini. Marafiki walimwita kila mtu kwa neno la kawaida, awe jaji awe kibarua. Wenye vyeo waliona wamedharauliwa.

4. Hawakuwa na makasisi wala sakramenti. Walikutana na kukaa kimya mpaka mmoja wao aongozwe kusema. Hili liliondoa mamlaka ya kanisa lote.

5. Waliwaruhusu wanawake kuhubiri. Margaret Fell, aliyekuwa nguzo ya kundi hili, alichapisha mwaka 1666 kijitabu cha kutetea haki ya wanawake kusema kanisani.

6. Walikataa kupigana vita. Msimamo huu waliutangaza rasmi kwa Mfalme Charles wa Pili mwanzoni mwa mwaka 1661.

Utaona kwamba mengi kati ya mambo haya yaligusa sheria, kodi, cheo na ulinzi. Wakati huo kanisa na dola vilikuwa kama pande mbili za sarafu moja. Aliyeasi upande mmoja alihesabiwa ameasi pande zote mbili.

Mateso nchini Uingereza

Charles wa Pili alirudi kwenye kiti cha enzi mwaka 1660, na kabla ya kurudi aliahidi kuheshimu dhamiri za watu. Ahadi hiyo haikudumu. Januari 1661 kikundi kingine cha kidini kilifanya uasi wa silaha mjini London. Wakweka hawakuhusika, lakini maelfu yao walikamatwa kwa kushukiwa. Ndipo walipotoa tangazo lao la amani.

Bunge, lililojaa wafuasi wa kanisa la taifa, lilitunga sheria kadhaa:

- Sheria ya Wakweka ya mwaka 1662 ilifanya kuwa kosa kukataa kiapo kilichotakiwa kisheria, na ilipiga marufuku Wakweka watano au zaidi wenye umri wa miaka 16 na kuendelea kukutana kwa ibada. Kosa la kwanza lilikuwa na faini ya hadi pauni 5, la pili pauni 10, na la tatu lingeweza kumfanya mtu ahamishwe ng'ambo.

- Sheria ya Mikutano ya Ibada ya mwaka 1664 ilipanua marufuku hayo kwa wote waliojitenga na kanisa la taifa.

- Sheria ya Mikutano ya Ibada ya mwaka 1670 iliongeza hila. Sehemu ya faini ilipewa mtu aliyewachongea waabudu, hivyo uchongezi ukawa biashara.

Kiapo kilitumika kama mtego. Mkweka aliyekosekana na hatia nyingine aliletewa kiapo cha utii, na akikataa alifungwa. Margaret Fell alifungwa hivyo mwaka 1664 na kukaa gerezani miaka 4. Kwa jumla maelfu ya Wakweka walifungwa, na mamia walifia katika magereza yenye baridi, uchafu na magonjwa.

Wakweka wenyewe hawakujificha. Makundi mengine yalikutana kwa siri usiku, lakini wao walikutana mchana, milango wazi. Walipofungiwa nyumba ya ibada walisimama barabarani. Aidha, waliweka kumbukumbu za kila aliyefungwa na kila mali iliyonyakuliwa. Katika miaka ya 1670 waliunda chombo maalumu mjini London kilichoitwa Mkutano wa Mateso, ambacho kilikusanya taarifa hizo na kuzifikisha kwa wabunge na mfalme.

Mateso mjini Boston

Julai 1656 wanawake wawili Wakweka, Mary Fisher na Ann Austin, walifika Boston kwa meli kutoka Barbados. Vitabu vyao vilichomwa. Walivuliwa nguo wakatafutwa alama za uchawi mwilini, kisha wakafungiwa gerezani majuma matano, dirisha likiwa limezibwa kwa mbao ili wasizungumze na yeyote. Mzee mmoja wa mji, Nicholas Upsall, alimlipa askari wa gereza ili wapewe chakula. Baadaye walirudishwa Barbados.

Sheria za Massachusetts ziliongezeka ukali hatua kwa hatua:

- 1656: nahodha aliyeleta Mkweka alitozwa faini ya pauni 100.
- 1657: wanaume waliorudi baada ya kufukuzwa walikatwa sikio, na adhabu ya kutobolewa ulimi kwa chuma cha moto ikawekwa.
- 1658: aliyefukuzwa kisha akarudi alihukumiwa kifo.

William Robinson na Marmaduke Stephenson walinyongwa tarehe 27 Oktoba 1659. Mary Dyer, mama wa watoto kadhaa, alipelekwa pamoja nao. Aliwaona wenzake wakifa, naye akavishwa kitanzi, kisha akaambiwa amesamehewa. Angeweza kubaki Rhode Island akaishi. Hata hivyo alirudi Boston mwaka uliofuata kudai sheria ile ifutwe. Mumewe, ambaye hakuwa Mkweka, alimwandikia gavana akiomba asinyongwe. Mary Dyer alinyongwa tarehe 1 Juni 1660. Wa nne, William Leddra, alinyongwa Machi 1661.

Wakweka wa London walimfikishia mfalme habari hizi. Charles wa Pili aliandika barua ya kusimamisha mauaji. Barua hiyo ilipelekwa Boston na Samuel Shattuck, Mkweka aliyekuwa amefukuzwa na serikali ileile. Kunyonga kukakoma, ingawa kuchapwa viboko kuliendelea kwa miaka kadhaa.

Zingatia: mfalme huyuhuyu aliyeokoa Wakweka wa Boston mwaka 1661 ndiye aliyeidhinisha sheria ya kuwabana Wakweka wa Uingereza mwaka 1662. Kusimamisha mateso mahali pamoja hakumaanishi kwamba mtawala ameamini uvumilivu. Huenda alitaka tu koloni limtambue mkubwa wake.

Sasa rudi kwenye swali letu la kwanza. Wapuritani hawakuvuka bahari kutafuta uhuru wa dini zote. Walitafuta mahali pa kujenga jamii ya dini moja waliyoiamini kuwa ya kweli. Waliona kwamba kumwacha mpotoshaji ahubiri ni kuhatarisha roho za watoto wao. Kwa hiyo hawakuona kwamba wanajipinga. Walidai uhuru kwa sababu waliamini wao ndio wenye haki, si kwa sababu waliamini kila mtu ana haki.

Waliokataa kutesa

Si kila mtu wa karne ya 17 aliunga mkono mateso. Mifano mitatu itakusaidia kujenga hoja.

Kwanza, Flushing. Koloni la Waholanzi, ambalo baadaye liliitwa New York, lilitawaliwa na Peter Stuyvesant. Aliamuru kwamba yeyote atakayempokea Mkweka nyumbani kwake atozwe faini. Tarehe 27 Desemba 1657 wakazi wapatao 30 wa kijiji cha Flushing walitia sahihi barua ya kupinga amri hiyo. Walisema upendo wanaotakiwa kuwa nao unawahusu hata Wayahudi na Waturuki, na kwamba hawawezi kumfungia mlango mtu aliyekuja kwa amani. Waliotia sahihi hawakuwa Wakweka, na baadhi yao walikamatwa. Miaka michache baadaye John Bowne wa Flushing alifukuzwa kwa kuruhusu Wakweka kukutana nyumbani kwake. Alikata rufaa kwa kampuni iliyomiliki koloni huko Uholanzi, na mwaka 1663 kampuni ikamwagiza Stuyvesant aache kusumbua dhamiri za watu.

Pili, Rhode Island. Koloni hili lilianzishwa mwaka 1636 na Roger Williams, aliyefukuzwa Massachusetts. Williams aliyapinga mafundisho ya Wakweka na hata kufanya nao mjadala mkali wa hadhara mwaka 1672. Lakini hakukubali waadhibiwe. Huu ndio mfano bora wa istilahi (b): alimpinga mtu kwa hoja, akamlinda kwa sheria.

Tatu, Sultani wa Uturuki. Mary Fisher yuleyule aliyefungwa Boston alisafiri mwaka 1658 hadi kambi ya Sultani Mehmed wa Nne karibu na Edirne, ili ampe ujumbe wake. Sultani, Mwislamu, alimsikiliza kwa heshima, na Fisher akaondoka salama. Wakristo wenzake wa Boston walikuwa wamemfungia gerezani.

William Penn: kutoka mahakamani hadi Pennsylvania

William Penn alizaliwa mwaka 1644, mtoto wa amiri wa jeshi la majini. Alijiunga na Wakweka akiwa kijana na akafungwa mara kadhaa. Mwaka 1670 yeye na William Mead walishtakiwa London kwa kuhubiri barabarani baada ya nyumba yao ya ibada kufungwa. Mahakamani waliingia bila kofia. Wakavishwa kofia kwa amri ya mahakama, kisha wakatozwa faini kwa kutozivua.

Kesi hiyo ilisikilizwa na juri, yaani watu 12 wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Juri ilikataa kuwatia hatiani. Majaji wakawafungia wanajuri bila chakula wala maji, kisha wakawatoza faini. Mmoja wao, Edward Bushell, alikataa kulipa na kupeleka shauri mbele. Jaji Mkuu Vaughan aliamua kwamba juri haiwezi kuadhibiwa kwa uamuzi wake. Hivyo kesi ya wahubiri wawili ikaleta haki inayowalinda hata wasiokuwa na dini.

Mfalme alikuwa na deni la pauni 16,000 kwa familia ya Penn. Mwaka 1681 alilimaliza kwa kumpa Penn ardhi iliyoitwa Pennsylvania. Penn alifika huko mwaka 1682. Sheria za koloni zilimhakikishia kila aliyemwamini Mungu mmoja kwamba hatasumbuliwa kwa ibada yake wala kulazimishwa kugharimia kanisa lolote. Wamennoni kutoka Ujerumani, Wakatoliki, Wayahudi na Wakristo wa madhehebu mbalimbali waliishi humo. Adhabu ya kifo, iliyotolewa kwa makosa mengi Uingereza, ilibakizwa kwa makosa machache mno.

Hapa ndipo jibu la swali la pili lilipo. Ikiwa Nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu, basi kumlazimisha mtu kwa kiboko ni kazi bure: utapata mnafiki, hutapata muumini. Pia Penn alijua kwamba koloni lenye amani huvutia wakulima na mafundi. Imani, uzoefu wa gereza na faida ya kiuchumi vilikwenda pamoja.

Sheria ya Uvumilivu ya mwaka 1689

Baada ya Mfalme James wa Pili kuondolewa, Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Uvumilivu mwaka 1689. Waprotestanti waliojitenga na kanisa la taifa waliruhusiwa kuabudu, na Wakweka waliruhusiwa kutoa tamko badala ya kiapo. Mwaka 1696 tamko hilo lilikubaliwa katika shughuli nyingi zaidi za kisheria.

Sheria hii ilikuwa na mipaka. Wakatoliki na waliokataa fundisho la Utatu hawakuguswa na nafuu hiyo. Zaka ziliendelea kudaiwa. Waliojitenga na kanisa la taifa waliendelea kubanwa wasishike nyadhifa za serikali. Ulikuwa uvumilivu, haukuwa usawa.

Tathmini: je, Wakweka walifaulu?

Swali la tathmini hutaka pande zote mbili. Upande wa mafanikio, taja kukoma kwa kunyonga, Sheria ya 1689, uhuru wa juri na mfano wa Pennsylvania. Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 inaruhusu afisa kuapa au kutoa tamko, na inakataza kumpima mtu kwa dini yake kabla ya kumpa wadhifa.

Upande wa upungufu, kumbuka kwamba hata Pennsylvania maafisa walitakiwa kuwa Wakristo. Penn mwenyewe alimiliki watumwa. Mwaka 1688 wakazi wanne wa Germantown, waliohusiana na Wakweka, waliandika malalamiko wakiuliza iwapo kuna mtu anayetaka kutendewa anavyotendewa mtumwa. Ilichukua hadi mwaka 1776 kwa Wakweka wa Philadelphia kukataza wanachama wao kumiliki watumwa.

Uhusiano na Kenya

Mwaka 1902 wamisionari watatu wa Marafiki kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walianzisha misheni huko Kaimosi, magharibi mwa Kenya. Leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na shule nyingi za magharibi mwa nchi zina asili yake katika kazi yao.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema katika kifungu cha 8 kwamba hakuna dini ya taifa, na kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri na dini. Shahidi anayefika mahakamani Kenya anaweza kuapa au kutoa tamko la kuthibitisha. Ukimsikia mtu akichagua tamko, kumbuka wale waliofungwa kwa kukataa kiapo.

Makosa ya kuepuka katika mtihani

- Usichanganye Wapuritani na Wakweka. Wapuritani walianzisha Massachusetts. Penn, Mkweka, alianzisha Pennsylvania.
- Usiseme Sheria ya 1689 ilileta uhuru kwa dini zote.
- Usiorodheshe mateso bila kueleza sababu.
- Tumia tarehe na majina kuthibitisha hoja, si kujaza karatasi.

Maswali ya marudio

1. Taja mambo matatu waliyoyakataa Wakweka ambayo yaliwagombanisha na serikali. (alama 3)
2. Tofautisha uvumilivu wa kidini na usawa wa kidini. (alama 4)
3. Eleza sababu tano zilizofanya Wakweka wateswe katika karne ya 17. (alama 10)
4. "Waliotafuta uhuru wa kuabudu hawakuwa tayari kuutoa kwa wengine." Jadili kauli hii ukirejelea Massachusetts na Pennsylvania. (alama 15)

*Mwongozo wa swali la 4:* Anza kwa kueleza kwamba kauli ni kweli kwa Massachusetts: taja sheria za 1656 hadi 1658 na waliouawa, kisha eleza lengo la Wapuritani la kujenga jamii ya dini moja. Onyesha kwamba si kweli kwa Pennsylvania, ukieleza fundisho la Nuru ya Ndani na sheria za Penn. Ongeza mfano wa Rhode Island au Flushing. Taja mipaka ya Pennsylvania ili jibu lako lisiwe la kusifu tu. Hitimisha kwa kutoa uamuzi wako mwenyewe na sababu moja inayouunga mkono.